Wiki kumi na moja za kujifunza kazi ya seva: nitajuaje kwamba ninasonga mbele?

Swali: Mwalimu, mimi ni kijana wa Kayole. Nauza katika duka la vifaa vya ujenzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Usiku najifundisha lugha ya Python ili niweze kutengeneza programu za upande wa seva, yaani zile zinazopokea maombi ya watumiaji na kutunza data nyuma ya pazia. Kila Jumapili naandika ripoti ya wiki daftarini: saa nilizosoma, video nilizotazama na masomo niliyomaliza. Wiki ya 11 niliandika saa 14 na video 23. Hata hivyo nikifungua faili tupu mikono hukwama, wala siwezi kuandika hata programu ndogo bila kurudi kwenye video. Rafiki yangu ananishauri nihamie lugha ya JavaScript. Je, ninasonga mbele kweli, na wiki inapaswa kupimwa vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, unasonga mbele, na sehemu ya ushahidi ni kwamba umeweza kutaja mahali hasa ambapo mikono yako hukwama. Shida iko kwenye daftari. Ripoti yako inahesabu vilivyoingia, yaani saa na video, wala haihesabu kilichotoka. Wewe unauza saruji, kwa hiyo utanielewa haraka: mwenye nyumba akiulizwa jengo limefika wapi hataji idadi ya mifuko aliyonunua, bali husema ukuta umefika usawa wa madirisha, au slabu imeshamwagwa. Saa 14 za mtu anayesimama dukani siku sita kwa wiki zimenunuliwa kwa usingizi, na zinastahili kuandikwa kwa kile zilichojenga.

Mwalimu wa video huwa ameshaamua kila jambo kabla hajawasha kamera: jedwali liitwe nani, liwe na safu ngapi, na seva ijibu nini pale ombi linapofika likiwa na upungufu. Unachokiona wewe ni matokeo ya maamuzi hayo, na maamuzi yenyewe, ambayo ndiyo kazi, yanabaki kwake. Ndiyo maana unapotazama unaelewa kila mstari, na unapofungua faili tupu hujui mstari wa kwanza uwe upi. Katika wiki 11 umefanya mazoezi mengi ya kutambua na karibu hujafanya zoezi lolote la kuamua, na mikono haiwezi kujua kazi ambayo haijawahi kupewa.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya 12 naomba ripoti yako ianze kwa kujibu jambo moja: seva yangu inaweza kufanya nini Jumapili hii ambacho haikuweza Jumapili iliyopita? Jibu liwe tendo linaloweza kuonyeshwa kwa mtu aliyekaa kando yako, hata likiwa dogo. Kisha Jumanne usiku, ukishasahau kidogo, fungua faili tupu, funga kila kitu kingine, uandike upya sehemu hiyo hiyo ukitegemea kichwa chako na nyaraka rasmi peke yake. Ukifaulu, umejifunza. Ukikwama katikati, andika ulikwama wapi, kwa sababu mahali hapo ndipo Jumatano yako inapoanzia.

Ili kipimo hicho kifanye kazi, unahitaji mfumo mmoja mdogo utakaokaa nao kwa miezi. Programu mpya kila wiki humfanya mtu arudie siku ya kwanza mara kumi na moja. Ningependekeza kitabu cha michango cha chama, kwa sababu kila mtu Nairobi anajua chama kinavyoendeshwa, na hutatumia nguvu kujifunza biashara usiyoijua. Tuseme ni wanachama 12, kila mmoja anatoa shilingi 500 kila Jumamosi, na zamu ya kupokea 6,000 inazunguka. Mfumo huo unaonekana mwepesi, lakini una karibu kila kitu ambacho mtu wa upande wa seva hulipwa kukifahamu: watu, fedha, tarehe, ruhusa, na ugomvi pale kumbukumbu zinapokosa kulingana.

Anza bila kiunzi chochote (framework), yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili ujenge juu yake. Ndani ya Python uliyonayo tayari mna maktaba ya http.server ya kuendeshea seva, na maktaba ya sqlite3 ya kutumia hifadhidata ndogo ya SQLite, kwa hiyo huhitaji bando wala huhitaji kusakinisha kitu. Nyaraka za http.server zenyewe zinaonya kwamba haifai kwa matumizi halisi, na onyo hilo ni la kweli, ila kwako ina faida kubwa kwamba haifichi chochote. Iwashe kwenye poti 8000, kisha kwenye dirisha jingine la terminali tumia kamandi ya curl, inayotuma maombi kwa seva, pamoja na alama ya -v, uone maneno yenyewe yanayosafiri kwenda na kurudi. Utaona kwamba ombi la HTTP, itifaki ambayo wavuti huzungumzia, ni maandishi ya kawaida: mstari wa kwanza una kitenzi kama GET au POST pamoja na anwani, mistari inayofuata inaeleza mambo kuhusu ombi, halafu unakuja mstari mtupu, na baada yake mwili wa ombi ikiwa upo. Tim Berners-Lee alipoanzisha itifaki hii katika kituo cha utafiti cha CERN, toleo lake la mwanzo, lililoelezwa 1991, lilikuwa na ombi la mstari mmoja tu, neno GET na anwani. Mengine yote yameongezwa juu ya msingi huo, na mtu aliyeuona kwa macho yake haogopi tena maelezo marefu ya viunzi.

Katika hatua hiyo hiyo jifunze namba za majibu kwa maana yake, wala usizikariri kama orodha ya mtihani. Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya 400 na 500. Seva inayojibu 400 inamwambia mwenzake kwamba ombi lake lina kasoro na hana budi kulirekebisha, na inayojibu 500 inakiri kwamba kosa ni lake yenyewe. Mwanachama akituma mchango bila kutaja kiasi, na seva yako ikaanguka na kutoa 500, basi umemwacha aamini kwamba mfumo umeharibika wakati alichosahau ni namba moja. Wiki nzima ya kuhamisha makosa ya aina hiyo kutoka 500 hadi 400, kila moja na maelezo yanayosomeka, ni wiki iliyotumika vizuri sana, na hakuna video itakayokuhesabia.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu kosa moja ambalo natamani likupate mapema. Utaandika sehemu ya kusajili mwanachama, na kwa kuwa ndivyo inavyokuja kichwani, utaunganisha maandishi: kipande cha amri ya INSERT inayoingiza data, kisha jina, kisha kipande cha kufungia. Utasajili Otieno, Wanjiku, Mutua na Fatuma, na kila mmoja ataingia bila shida. Kisha utamsajili Ng'ang'a, na SQLite itakataa, ikilalamika kwamba kuna kosa la kisarufi karibu na neno «ang». Soma lalamiko hilo polepole, kwa maana limekuelekeza penyewe. Katika SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama moja ya nukuu, na alama hiyo ndiyo ile ile tunayoiita ritifaa katika jina la Ng'ang'a. Hifadhidata ilipofika baada ya «Ng» iliona alama, ikaamini kwamba jina limekwisha, na herufi zilizofuata, a, n na g, ikazisoma kama sehemu ya amri. Jina la mtu liligeuka kuwa agizo.

Usilitibu kosa hili kwa kuondoa ritifaa kwenye majina ya watu. Nimeona mifumo inayofanya hivyo, na matokeo yake ni kitambulisho kuandikwa Ng'ang'a na risiti kuandikwa Nganga, halafu mtu huyo huyo akaambiwa majina hayalingani. Tiba sahihi ni kutounganisha maandishi kabisa: katika sqlite3 unaandika amri ukiweka alama ya kuuliza mahali pa jina, kisha unaipa maktaba jina hilo kando, na hifadhidata inalipokea kama data, haijalishi lina alama gani ndani yake. Ukishafanya hivyo utakuwa umefunga pia mlango mmoja wa zamani wa wavamizi, kwa sababu kilichotokea kwa bahati mbaya kwenye jina la Ng'ang'a, mwingine hukifanya kwa makusudi: kwenye nafasi ya jina la kuingilia huandika alama ya nukuu, kisha huongeza sharti ambalo siku zote ni kweli, kama vile 1 ni sawa na 1, na seva isiyojilinda humfungulia. Kosa hilo moja, likiandikwa daftarini pamoja na lalamiko lenyewe na sababu yake, lina uzito kuliko video zako 23.

Namba za simu zitakupa somo jingine. Ukizihifadhi kama namba za hesabu, 0712 itapoteza sifuri ya mbele, kwa hiyo zihifadhi kama maandishi, zote kwa umbo moja linaloanza na 254. Na usiandike kanuni inayodai kwamba kila namba ya simu ya Kenya huanza na 07, kwa maana zipo zinazoanza na 01, na wenye namba hizo wamezoea kukataliwa na fomu za watu wasiokuwa makini.

Fedha nazo usiziweke katika namba za desimali za kawaida. Fungua Python sasa hivi, ujumlishe 0.1 na 0.2, na utapata 0.30000000000000004, kwa kuwa kompyuta huzihifadhi namba hizo kwa mfumo wa jozi, wa 0 na 1 pekee, ambao hauwezi kuzibeba kikamilifu. Hifadhi kiasi kwa senti, kama namba kamili, na mweka hazina wa chama hataona tofauti isiyoelezeka mwisho wa mwaka. Tarehe zina mtego wake pia. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mchango unaolipwa saa saba na dakika kumi usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni utaandikwa kwenye seva kuwa wa tarehe 31 Mei, saa 22:10, na ripoti yako ya mwezi itauhesabu katika Mei. Tunza muda kwa UTC, ubadilishe unapoonyesha na unapopanga kwa miezi, na ujaribu kwa makusudi mchango wa saa ile ya usiku ili uone kwa macho yako kwamba umeangukia mwezi unaostahili.

Najua unatamani kufika kwenye M-Pesa, kwa sababu hapa kwetu, tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007, mfumo usiopokea malipo ya simu huonekana kama mchezo. Subiri hadi chama chako kisimame imara kwa michango inayoingizwa kwa mkono. Utakapofika kwenye Daraja, jukwaa la Safaricom la watengenezaji programu, utakutana na jambo ambalo video nyingi hulipita mbio: unapotuma ombi la malipo, jibu la papo hapo linakuambia tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado ameshika simu yake akiamua kama ataweka PIN. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwa anwani uliyoitoa, na anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje, kwa hiyo seva inayoishi ndani ya laptopu yako Kayole haitayaona bila njia ya kuifungulia intaneti. Msimbo wa matokeo ukiwa 0, fedha zimepita. Ukiwa 1032, mteja ameghairi. Atakayemwandikia mwanachama kwamba amelipa kwa kuangalia jibu la kwanza peke yake ataandika michango ambayo haipo.

Lililonifunza mimi lilikuwa kinyume cha hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mteja mmoja wa mjini mfumo wa kupokea ada. Siku moja seva yangu ilichelewa kujibu, mfumo wa malipo ukadhani taarifa haikufika, ukaituma tena, na mimi nikaandika ada ile ile mara mbili. Mhasibu aligundua siku tatu baadaye, na tulikaa hadi usiku tukilinganisha risiti moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo kila jedwali la malipo ninalolitengeneza lina sharti la upekee kwenye namba ya risiti, ndani ya hifadhidata yenyewe, ili taarifa ikija mara ya pili ikataliwe hata kama msimbo wangu umesahau kuangalia. Liweke sharti hilo kwenye jedwali lako la michango leo, kabla hujawa na malipo halisi hata moja.

Turudi kwenye daftari. Nikikuandikia mfano wa ripoti ya wiki ningeuandika hivi: «Wiki ya 12. Seva sasa inasajili mwanachama na kukataa namba ya simu iliyokwisha kusajiliwa, ikirudisha 409, yaani mgongano. Ilivunjika nilipomsajili Ng'ang'a. Sababu ni kuunganisha maandishi ndani ya amri ya SQL. Nimetumia alama za kuuliza. Jumanne niliandika upya usajili bila kuangalia, nikakwama kwenye kusoma mwili wa ombi, nikasoma nyaraka dakika 20, nikamaliza. Sijaelewa bado kwa nini napaswa kuita commit ili data ibaki.» Sentensi chache tu, na humo mna ukuta uliopanda, ufa ulioonekana na kuzibwa, na swali lenye anwani. Sentensi ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu mtu anayejua kwa usahihi asichokielewa huweza kusaidiwa na mtu yeyote anayejua. Saa unaweza kuendelea kuziandika pembeni, kwa maana zinakusaidia kupanga usingizi.

Kuhusu saa zenyewe, sitakuomba uongeze. Mtu aliyetoka dukani saa kumi na mbili akapigana na foleni ya Barabara ya Jogoo hadi nyumbani hana akili ya kujifunza jambo jipya kila usiku, na ni haki yake. Jumapili asubuhi iwe ya jambo jipya, Jumanne ya kuandika upya, na siku moja nyingine iwe ya kusoma na kusafisha msimbo wa zamani. Nyaraka za Python zinaweza kupakuliwa nzima, nazo zitakufaa bando likiisha, na stima ikipotea karatasi na kalamu zinatosha kuchora majedwali. Wiki itakayopita bila kitu iandike hivyo hivyo: hakuna kilichoongezeka. Usiijaze kwa video ili ionekane imejaa.

Hujauliza kuhusu programu za akili unde zinazoandika msimbo, lakini nadhani unazitumia, au utazitumia. Kwa sasa ziulize maana ya lalamiko baada ya kulisoma mwenyewe, ukianzia mstari wa mwisho, kwa sababu Python huweka aina ya kosa chini kabisa. Usiziombe zikuandikie sehemu ambayo Jumanne unapaswa kuiandika kwa mkono wako, kwa maana utarudi pale pale kwenye maamuzi yaliyofanywa na mwingine.

Viunzi vije baada ya kuubeba mzigo huu kwa muda, labda wiki ya 16 au ya 17. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja la Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma 2005, na walioitengeneza walikuwa wakiandika tovuti chini ya mbio za muda wa gazeti, wakilazimika kurudia kazi zile zile. Flask, iliyotoka 2010, ni nyepesi zaidi, na kwa chama chako ningeanza nayo. Utakapoiona ikikuondolea kazi ya kuchambua anwani na kusoma mwili wa ombi, utajua hasa imekuondolea nini. Wakati huo ongeza kuingia kwa nenosiri, na usilihifadhi nenosiri lenyewe kamwe. Tumia njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama bcrypt, ambayo imekuwepo tangu 1999 na hufanywa polepole kwa makusudi ili anayebahatisha achelewe. Hadi hapo tumia majina na namba za kubuni. Siku utakapoingiza za majirani zako halisi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itakuhusu, na zaidi ya sheria, ni watu waliokuamini.

Sasa JavaScript. Ushauri wa rafiki yako si mbaya kwa yeye mwenyewe, na Nairobi zipo kazi za lugha zote mbili. Ila angalia orodha ya yale niliyokueleza: ritifaa katika jina, 400 na 500, saa ya UTC, 0.1 na 0.2, taarifa inayokuja mara mbili. Yote yangekukuta vile vile ukitumia Node.js, yaani JavaScript ya upande wa seva, na hata jumla ile ya 0.30000000000000004 ingetoka hivyo hivyo. Ukihama leo utaanza tena na video za wiki ya kwanza, na daftari lako litajaa saa upya. Baki na Python hadi chama cha watu 12 kiendeshwe na seva yako kwa angalau mwezi mmoja, michango minne ya Jumamosi kutoka kwa kila mwanachama, bila wewe kurekebisha hifadhidata kwa mkono. Baada ya hapo, kujifunza lugha ya pili kutakuchukua wiki chache, kwa sababu utakuwa unatafuta tu namna nyingine ya kusema mambo unayoyajua tayari. Jumapili hii washa http.server, ipokee jina moja, ilihifadhi, kisha umsajili Ng'ang'a.